Nilimtania Babu Kondo Chuma Kikiwa Juu

Ninyi mliokulia Tabora wakati picha ya Mfalme wa Waingereza bado inaning'inia darasani juu ya ubao, sogeeni hapa kidogo tuzungumze. Wajukuu zangu nikianza hadithi hii huniambia, "Bibi, hiyo tumeshaisikia," kisha vidole vinarudi kwenye simu. Hawajaisikia. Wamesikia ile nusu ya kuchekesha, kwa sababu ndiyo niliyozoea kuwapa. Nusu ya pili sijawahi kumwambia mtu, na kwa umri huu nilionao sioni tena sababu ya kuificha.

Lakini mnakumbuka, wenzangu! Mnakumbuka vumbi la Kanyenye wakati wa kiangazi, linavyoingia mpaka kwenye chungu cha mboga. Mnakumbuka matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vinakuwa vigumu na vitamu. Mama akinituma nipeleke matobolwa Chemchem kwa shangazi, nilikuwa nayafunga kwenye pindo la kanga, natafuna moja moja njiani, nikifika kwa shangazi nampa salamu na pindo tupu. Mnakumbuka kisamvu kilichoungwa karanga, na asali ya msituni iliyokuja mjini ikiwa bado na nyuki wamekufa ndani yake, tunawatoa kwa kidole na kuendelea kula. Leo mjukuu wangu akiona nzi mmoja kwenye sahani anataka kupelekwa hospitali.

Asubuhi tulikwenda shule peku. Ukichelewa unachapwa, ukiwahi unafagia uwanja, kwa hiyo akili ilikuwa kufika katikati. Jioni tulikwenda chuoni kwa Maalim, tukasoma juzuu kwa sauti ya kupiga kelele ili asigundue nani hajui. Baada ya hapo ndiyo rede, ndiyo mdako, ndiyo kombolela, mpaka mama zetu watoke na miko mikononi kutuita kwa majina yetu yote na ya babu zetu. Hatukuwa na kitu, wallahi, lakini sikumbuki hata siku moja nikimwambia mtu kwamba sina la kufanya.

Katika watoto wote wa mtaa ule, mwenye mdomo nilikuwa mimi. Zaina wa Fundi Saidi. Nilikuwa naweza kumwiga Maalim anavyokohoa, muuza mafuta ya taa anavyonadi, shangazi anavyolia msibani huku anachungulia nani amekuja. Watu wazima walicheka mpaka wanajifuta machozi, wananiambia niache halafu wananiambia rudia. Mama peke yake ndiye hakucheka. "Zaina," alikuwa akisema, "huo mdomo wako hauna komeo. Utatujazia wageni tusiowataka." Nami nilidhani ananionea wivu. Mtoto wa miaka tisa anayechekwa na watu wazima anajiona amemaliza dunia.

Aliyenifundisha kazi hiyo ya mdomo alikuwa Babu Kondo. Hakuwa babu yangu wa damu. Alikuwa Mzaramo, fundi aliyepanda kutoka pwani kwa treni akiwa kijana, akafika Tabora, akafanya kazi na baba yangu karakana moja, wakazeeka pamoja. Na ninyi mnajua Mnyamwezi na Mzaramo ni nini. Babu zetu walishuka kwa ile njia ya misafara na pembe za ndovu mabegani mpaka pwani, wakapita katika vijiji vya kina Kondo miaka nenda rudi, wakanyang'anyana, wakapigana, wakapatana, na mapatano yenyewe yakawa utani. Mtani wako anakutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kukasirika. Anaingia nyumbani kwako, anachukua kuku, anaondoka anaimba. Ukifa, yeye ndiye anakuja kukusema vibaya mbele ya jeneza ili waliofiwa wapate kucheka. Kukasirikia utani ni aibu kubwa kuliko utani wenyewe.

Basi Babu Kondo na baba hawakuwahi kuamkiana kwa amani. "Mpagazi, umeamkaje? Shingo haijakaa sawa tu tangu ule mzigo?" Na baba: "Shingo yangu nzima. Wewe nazi imekuangukia lini, maana leo unaongea na akili." Mimi nikipiga magoti na kumwambia, "Shikamoo, babu," alijibu, "Marahaba, mke wangu. Leo umeniletea chakula cha watu au yale majani yenu?" Mkewe, Bi Mwamvita, mama mmoja mnene mpole, aliniita mke mwenza, akawa ananitishia kunifukuza nyumbani kwake, huku ananipakulia wali wa nazi. Nilimpenda mzee yule. Nasema wazi, baada ya baba yangu hakuna mwanamume niliyempenda kama yeye.

Karakana yenyewe ilikuwa pale pale Kanyenye, nyuma ya duka. Mwenye mali alikuwa Mhindi mmoja mzee tuliyemwita Seti tu, aliyekaa mbele na kumwachia baba shughuli yote ya nyuma. Zilikuwa zikiletwa pampu za maji, injini za mashine za kukoboa mpunga na kukamua karanga, vipande vingine vizito mno hata mkokoteni unazama kwenye mchanga. Kila siku nikitoka shule mama alinipa bakuli lililofungwa kitambaa, nami napeleka chakula cha mchana. Harufu ya mle ndani bado ninayo puani: mafuta mazito, chuma kilichochomwa, jasho, na tumbaku ya Babu Kondo.

Sasa, baba yangu nje ya karakana alikuwa mtu wa mzaha, lakini kwenye kunyanyua vyuma alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa na taratibu zake, na hakuziruka hata Seti apige kelele kwamba mteja anasubiri. Kwanza sakafu inafagiwa, na palipomwagika mafuta panamwagiwa unga wa mbao, mtu asije akateleza na mzigo mkononi. Kisha kamba ya katani inapitishwa vidoleni kuanzia ncha hii mpaka ile. Ikikutwa imeanza kufumuka mahali, inakatwa na kutupwa, hairudishwi kapuni ati itafaa kesho. Walikuwa na miti mitatu ya mninga iliyofungwa pamoja vichwani, na kapi, lile gurudumu dogo la kupitishia kamba, linaning'inia katikati. Miguu ya miti ile ilichimbiwa vishimo ili isitawanyike. Chuma kikishafungwa, kinanyanyuliwa kiasi cha kidole tu, halafu watu wote wanasimama, wanatazama fundo, wanatazama miti, wanasikiliza. Ndipo kinaendelea kupanda. Na kila kinapopanda shubiri moja, gogo linasukumwa chini yake kwa mti mrefu, si kwa mkono wala mguu, ili kikianguka kisianguke mbali.

Hata mizigo ya mikono aliifundishia. Kijana akiinama na kuvuta kitu kwa kiuno, baba anamzuia. "Chutama! Kisogeze kifuani. Unyanyue kwa mapaja, mgongo una kazi ya kukupeleka msikitini." Alisema wazee wake wa misafara walijua hilo bila kusoma popote, kwamba mpagazi aliyenyanyua vibaya asubuhi alikuwa anaachwa njiani kabla ya jioni. Siku hizi nasikia watu wanapewa semina ya siku mbili, na soda, kufundishwa kuchutama.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa ya mdomo. Wakati wa kuvuta alikuwa anasema mtu mmoja, naye ni Babu Kondo, kwa sababu alikuwa na sauti na jicho. "Haraaambee!" anaita, na wote wanajibu, "Mbee!" na kamba inakuja. Akinyamaza, wote wananyamaza. Hata wateja walikuwa wanaambiwa wasitoe salamu mpaka mzigo utue. "Chuma kikiwa juu anasema mmoja," baba aliniambia siku ya kwanza niliyoleta chakula, akanishika sikio kidogo ili neno liingie. "Na chuma kikiwa juu hakuna mtani. Umesikia, Zaina?" Nikasema nimesikia. Na nilikuwa nimesikia kweli, msije mkanitetea kwamba nilikuwa mtoto sijui kitu.

Siku ninayotaka kuwaambia ilikuwa ya kiangazi, jua limesimama. Nilifika na bakuli langu nikakuta wako katikati ya kazi. Kulikuwa na gurudumu kubwa la injini lililoletwa kwa treni kutoka upande wa Nzega, la chuma kizima, pana kuliko meza ya kulia. Wanaume wawili, Shija na Mabula, walikuwa kwenye kamba. Mkia wa kamba ulikuwa umezungushwa kwenye nguzo, na baba ndiye aliyeushika, maana mshika mkia ndiye breki. Babu Kondo alikuwa kwenye gurudumu lenyewe. Nikasimama mlangoni kimya, kama nilivyofundishwa.

Walilipandisha kidogo tu, shubiri moja na nusu hivi, kwa sababu walitaka kulipima. Gurudumu likiwa limelala chini haliwezi kusema kitu. Lazima lining'inie, uligonge kwa nyundo ndogo, ndipo likilia kama kengele unajua ni zima, likitoa sauti ya debe unajua lina ufa. Gogo lilikuwa limeshaingizwa, lakini upande mmoja. Upande wa pili alisogea Babu Kondo mwenyewe, karibu sana, apate kusikia. Akainua mkono, wote wakanyamaza. Akaligonga. Ko. Akatega sikio, amefumba macho, mdomo wazi kidogo. Akaligonga tena. Ko, ko.

Na mimi, jamani, nilichokiona pale si fundi anayepima chuma. Nilimwona Mzaramo sokoni anapima nazi. Neno lilinifika mdomoni likiwa limeshaiva. Nakumbuka nililishika kidogo. Nakumbuka kabisa lile sikio langu lililowahi kushikwa na baba. Halafu nikawaza watakavyocheka.

"Babu," nikaita, "ina maji, au tui tupu?"

Aliyeanza kucheka ni Mabula. Kisha Shija. Kisha likaja lile cheko la baba yangu, ambalo mtaa mzima ulilijua, cheko la kuinama na kushika tumbo. Na mtu hawezi kushika tumbo na kamba kwa pamoja.

Sitasimulia sana kilichofuata. Gurudumu lilianguka shubiri moja na nusu tu, tena likagonga gogo kwanza. Kama gogo lingekuwa pande zote mbili tungeendelea kucheka. Lakini lilikuwa upande mmoja, kwa hiyo gurudumu likalala ubavu na kuteleza, na upande ule palikuwa na mguu wa kushoto wa Babu Kondo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ah, Saidi," kwa sauti ya mtu aliyesahau kitu nyumbani. Jina hilo hakuwahi kumwita baba miaka yote ile, alikuwa anamwita Mpagazi. Mimi nilikuwa bado nimeshika bakuli, na nina aibu kuwaambia kwamba uso wangu ulikuwa bado unacheka.

Hospitalini walimkata vidole vyote vya mguu ule na kipande cha wayo. Baba alimwambia Seti kwamba kamba ilimponyoka. Basi. Hakumtaja mtu. Nyumbani nilingoja kipigo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, wala hakikuja. Mama alinitazama tu, akanipa chakula, akageuka. Mngejua nilivyokitamani kipigo kile! Enzi zetu ukichapwa mambo yamekwisha, unalia, unapewa uji, unarudi kucheza. Mimi sikuchapwa, kwa hiyo hayakuisha.

Baada ya wiki mbili mama alinipeleka wodini. Njia nzima nilikuwa narudia maneno moyoni: babu, nisamehe, nimekosa. Tulipofika nikapiga magoti kando ya kitanda, pale kwenye saruji, nikasema shikamoo, halafu nikasema, "Babu, nisamehe, nimekosa." Wodi nzima walikuwa wanasikiliza. Babu Kondo akanitazama. Nikaona kitu kinapita usoni kwake, sijui kilikuwa nini, halafu akageukia wagonjwa wenzake.

"Mnamwona huyu?" akasema. "Mnyamwezi anaomba radhi! Tangu lini mpagazi akauomba radhi mzigo aliouangusha?" Wodi ikacheka. "Utani una faini, mke wangu. Kaniletee jogoo. Jogoo akifika, kesi imekwisha."

Nikapeleka jogoo, mwekundu, nimembeba kwapani kutoka nyumbani. Bi Mwamvita akampika, wakanipa paja nikala nao. Watu wote waliridhika. Mambo ya watani huisha hivyo, kila mtu anajua, na mimi nikaambiwa nifurahi. Lakini ile samahani yangu nilirudi nayo nyumbani kama nilivyoenda nayo. Hakuna aliyeipokea.

Kilichoniuma zaidi ni baba. Tangu siku ile hakumtania tena Babu Kondo. Alimtembelea kila Ijumaa, akampelekea sukari, akamuulizia hali kwa adabu zote: "Bwana Kondo, mguu unaendeleaje?" Bwana Kondo! Mzee yule alikuwa anakunja uso kama ametukanwa. "Baba yako amenisusa," aliniambia siku moja. Alikuwa amekaa barazani kwake anatengeneza taa za chemli na majiko, kwa sababu kazi ya kusimama ilikuwa imemshinda. "Wewe usinisuse, mke wangu. Wewe nitukane." Basi nikamtukana. Nikamwambia Mzaramo hata mguu ukiwa mzima ni wa kuchezea ngoma tu. Akacheka, akafurahi, akaniita mtu wa maana. Kwa hiyo miaka ikapita, mimi na yeye tunachekana barazani, na kila nikicheka nauona ule mguu.

Nilijaribu tena. Nilipofaulu kwenda shule ya bweni, nikamuaga, nikasema, "Babu, ile siku ya gurudumu..." Hakuniacha nimalize. "Gurudumu gani? Wewe kasome, urudi utufundishe kuhesabu vidole, mimi hesabu yangu imeshapungua." Nikacheka tena. Ningefanyaje? Mtani anakuvuta kwenye kicheko kwa nguvu, na ukikataa kucheka ndiyo umemkosea mara ya pili. Nikaanza kuamini kwamba ndiyo hivyo, kwamba siku moja nitakuwa mtu mzima na kitu kile kitakuwa kimejiishia chenyewe.

Nikawa mwalimu. Nikapangiwa Bukene, huko kwenye reli ya Mwanza, na nikawa nakuja Tabora kwa treni kila shule ikifungwa. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Uhuru ulikuwa karibu, watu wanauzungumzia kila baraza, na vijana wa mtaa wetu walikuwa wanatembea kwa kifua mbele. Likizo moja nilimkuta Babu Kondo kitandani, amekonda, macho makubwa. Bi Mwamvita akaniambia amekuwa akiniulizia kila siku, treni ya Mwanza ikilia tu anauliza kama nimeshuka. Kisha akatoka kwenda kuchota maji, akatuacha wawili.

Nilipiga magoti kama zamani. "Shikamoo, babu." Akaitikia, "Marahaba, Zaina."

Akaniita Zaina. Hakusema mke wangu.

"Kaa," akasema. Nikakaa kwenye kigoda. Akawa anapanga maneno, na mimi natazama mikono yake juu ya shuka. Kisha akasema polepole, "Kuna neno nataka kukwambia la ile siku ya gurudumu. Nimelikalisha sana. Na safari hii si utani, mwanangu."

Mwaona? Alinifungulia mlango mwenyewe. Kitu nilichokitaka tangu nina miaka tisa, nilichokipigia magoti kwenye saruji ya wodi, mzee yule alikuwa amekishika mkononi ananipa. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Na nikaogopa. Nasema kweli, niliogopa kuliko nilivyoogopa hata siku ile yenyewe. Niliona ataniambia kitu kizito, sitajua niweke wapi uso wangu, nitalia mbele yake. Na mdomo wangu ukafanya kazi iliyoizoea, haraka, kabla sijaupa ruhusa.

"Mzaramo bila utani?" nikasema. "Lo! Subiri basi nikaite majirani waje washuhudie, maana hili halijawahi kutokea!"

Akanitazama. Halafu akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikamshika mgongo, nikampa maji. Alipotulia alikuwa na machozi, akayafuta kwa ncha ya shuka. "Haya," akasema, "umenishinda, mtani. Umenishinda." Akafumba macho akapumzika. Bi Mwamvita akaingia na ndoo kichwani, amekisikia kicheko cha mzee tangu uani, akafurahi. "Hawa wakikutana ni kucheka tu," akasema. Kesho yake nilikuwa naondoka na treni, na nikajiambia likizo ijayo nitamuuliza. Wiki ya pili ndipo karani wa stesheni ya Bukene aliponiletea habari.

Nilifika wakiwa wameshazika. Watani walikuwa wameshafanya kazi yao, watu uani walikuwa bado wanacheka na kulia. Nikaingia ndani kwa Bi Mwamvita, aliyekuwa amekaa eda, nikamwinamia sikioni, nikamuuliza kama mzee alimwambia alichotaka kuniambia. Akanishika mkono. "Nilimuuliza, mke mwenza," akasema. "Akasema hilo ni la Zaina, atamwambia mwenyewe."

Nimekaa na jibu hilo miaka yote hii. Huenda alitaka kusema hakuwahi kunilaumu. Huenda alitaka kusema alinilaumu kila alipoweka mguu chini, na kwamba sasa basi. Huenda lilikuwa neno la kumhusu baba. Nimeshajibu kwa niaba yake mara elfu, na kila jibu nalipenda siku mbili kisha linaniponyoka.

Hawa watoto wa leo nawacheka sana, mnajua. Wanaombana radhi kwa simu wakiwa wamelala, wanaandika samahani kwa herufi tatu na kuweka kikaragosi kinacholia. Wanaambiana kila kitu, walichokula, walichoota, nani amewaudhi. Majuzi mjukuu wangu mmoja alimpigia rafiki yake mbele yangu, akamwambia, "Jana nilikukosea, nimeumia," na yule wa upande wa pili akamwambia, "Hata mimi niliumia." Ikaisha, akarudi kula. Nilitaka kumtania. Neno lilikuwa tayari. Nikainuka nikaenda uani, nikakaa huko peke yangu mpaka chai yangu ikapoa.

Sisi tulikuwa na chakula kitamu zaidi, na michezo mizuri zaidi, na watu wetu walijua kucheka, hilo sitalikana. Kazi zao za mikono walizifanya kwa akili, na majeraha yao waliyabeba bila kulalamika. Lakini ningeambiwa leo nichague kitu kimoja cha kurudia katika maisha yale, nisingechagua rede wala matobolwa wala asali. Nisingechagua hata ile siku ya karakana, maana nilikuwa mtoto. Ningeomba nirudishwe kwenye kile kigoda, Bi Mwamvita ametoka kuchota maji, Babu Kondo anapanga maneno yake. Ningefumba mdomo wangu nikamngoja amalize.